Maporomoko ya Karura

Ninyi mkaao Ayany na mitaa mingine ya Kibera, je, mwajua maana ya jina hilo? Wanubi, wale askari wa KAR waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, walipaita Kibra, yaani msitu. Msitu umekwisha, jina limebaki.

Kaskazini mwa jiji letu, lakini, uko msitu ambao haujawa jina tupu. Ni Karura. Ndani yake Mto Karura huanguka kutoka mwambani na kufanya maporomoko mazuri ya maji. Hayalingani na yale ya Thomson kule Nyahururu, yenye meta 74, lakini yana historia yake. Karibu nayo mna mapango ambamo, kwa masimulizi ya wazee, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950.

Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya Serikali mwaka 1932. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Profesa Wangari Maathai akakataa. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda miti. Walinzi waliokodiwa wakawapiga, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi, alitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Agosti ya mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Aliaga dunia mwaka 2011. Leo wazazi huwapeleka watoto wao kuyatazama maporomoko hayo.

Ndugu zangu, mto hauishi kwa mwamba. Huishi kwa miti iliyo juu yake, ishikayo mvua na kuiachilia polepole. Mwanadamu alikabidhiwa bustani aitunze, hakupewa aiuze. Hapo Kibera unapita Mto Motoine kuelekea Bwawa la Nairobi, ambalo kwa miaka mingi limesongwa na taka na magugu. Nani atausimamia? Huyo mama hakuwa na jeshi. Alikuwa na miche na kopo la maji.

Je, watoto wetu tutawaachia mto, au jina la mto tu? Tulitafakari neno hili juma hili. Amina.