Mzinga na Mwendo Wake

Kiswahili chatumia neno mzinga kwa gogo lililochimbwa ndani ili nyuki wakae, na pia kwa silaha itemayo kombora. Bila shaka umbo ndilo lililoleta jina. Mizinga ya shaba ya Wareno, ambayo yasemekana Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622, iliwekwa mbele ya Beit al-Ajaib, ikawa pambo zaidi kuliko silaha.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash aliilinda kasri yake kwa mizinga michache. Ile yenye magurudumu haikwenda popote pasipo watu wa kuikokota. Mizinga ya Waingereza ilikuja kwa nguvu ya mvuke, imepakiwa katika manowari. Kwa muda usiotimia saa moja kasri ilibomoka, na watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid wakafa au wakajeruhiwa.

Nchi kavu ilingoja hadi mwaka 1917, Waingereza walipoupandisha mzinga mfupi, urushao kombora juu sana ili liangukie nyuma ya ngome, juu ya gari la minyororo lenye injini yake. Wataka jina geni wana haraka mno: mzinga ujiendeshao watosha, maana -ji- yabeba kazi yote ya injini.