Kiputo cha Sabuni: Nebula iliyojificha peupe angani

KATIKA kundinyota la Dajaja, ambalo kwa Kilatini huitwa Cygnus, mna wingu la gesi lenye umbo la duara, hafifu na jembamba mithili ya kiputo cha sabuni. Kutokana na umbo hilo, wingu hilo hujulikana kama Nebula ya Kiputo cha Sabuni. Katika orodha za wanafalaki, limesajiliwa kama PN G75.5+1.7.

Wingu hilo ni nebula ya kisayari. Hata hivyo, nebula za aina hii hazina uhusiano wowote na sayari. Jina hilo lilitokana na William Herschel katika miaka ya 1780, kwani kupitia darubini yake zilionekana mviringo kama sayari. Ukweli ni kwamba hizo ni tabaka za nje za nyota iliyozeeka, ambazo nyota yenyewe imezitema. Kiini kinachosalia huwa na joto kali, na miali yake ndiyo huifanya gesi ing'ae.

Kiputo hicho kilinaswa na mpiga picha za anga, Dave Jurasevich, mnamo Juni 19, 2007 na tena Julai 6, 2008. Siku 11 baadaye, Keith Quattrocchi na Mel Helm nao walikipiga picha, wakauarifu Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki.

Kukitambua hakukuwa rahisi. Eneo hilo limejaa gesi ya haidrojeni inayong'aa na kufunika vitu hafifu. Isitoshe, karibu nacho iko nebula NGC 6888, iliyofumuliwa na upepo wa nyota kubwa mno. Hivyo umbo pekee halikutosha kuwa ushahidi.

Wanafalaki hutumia vichujio vinavyopitisha mwanga wa gesi moja tu. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500.7, ambao ni alama kuu ya nebula za kisayari. Darubini ya Mayall ya mita 4, iliyoko Kitt Peak, Arizona, ilikionyesha kiputo hicho waziwazi kwa mwanga wa oksijeni na haidrojeni.

Picha za zamani za Palomar nazo zilipopekuliwa, kiputo kilikuwamo, ukubwa na mng'ao wake ukiwa uleule miaka 16 awali. Kilikuwa kimepigwa picha kitambo. Kilichokosekana ni jicho la kukitambua.

Jua letu nalo linatarajiwa kutema tabaka zake baada ya miaka bilioni 5 hivi.