Jaa jipya mtaani: nani ana haki ya kupinga?

Kila mji huzalisha taka, lakini ni mitaa michache inayokuwa tayari kuzipokea. Huko Woolwich, kusini-mashariki mwa London, kama ilivyo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, habari za kuanzishwa kituo kipya cha taka za majumbani huwafanya wakaazi waandike barua, wakusanye saini na kujaza kumbi za mikutano.

Kinachotofautiana ni wakati wa kusikilizwa. Kuna mahali ambapo jirani husikilizwa kabla tofali la kwanza halijawekwa, na kuna mahali ambapo husikilizwa baada ya moshi kuingia chumbani mwake.

Lakini kote huko lipo swali moja ambalo halikwepeki: taka zikikataliwa hapa, zitakwenda wapi?

Woolwich na taka zake

Woolwich iko ukingoni mwa mto Thames, katika eneo la halmashauri ya Greenwich. Kwa muda mrefu ilikuwa mji wa viwanda na wa jeshi, maarufu kwa karakana zake za silaha. Hivi leo ni makaazi ya watu wa asili mbalimbali, wakiwemo Waafrika wengi.

Suala la taka si geni kwa eneo hilo. Mwaka 1903 katika mtaa jirani wa Plumstead kilifunguliwa kituo kilichochoma taka za mji na kuzalisha umeme. Jengo lake lingalipo, na linalindwa na sheria ya kuhifadhi majengo ya kale.

Mbele ya kivuko cha Woolwich hupita matishali yaliyosheheni makontena ya taka kutoka katikati na magharibi mwa London, yakielekea kwenye tanuri la Belvedere, mashariki zaidi.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa nchini Uingereza zinazohusika na taka kuwawekea wakaazi mahali pa kupeleka taka za nyumbani bila malipo. Kwa wakaazi wa Woolwich, kituo cha aina hiyo kipo Nathan Way, upande wa Thamesmead.

Kwa hiyo mgogoro huwa ni kuhusu mahali pa kukiweka kituo, na si kama kituo kinahitajika au la. Mashimo ya kufukia taka yakijaa, na idadi ya watu ikiongezeka, ardhi ya kazi hiyo hutafutwa palepale ambapo nyumba mpya zinajengwa.

Maombi hupitia hatua gani?

Tangu sheria ya mipango miji ya mwaka 1947, mwenye ardhi nchini Uingereza hana uhuru wa kujenga apendavyo. Ni lazima kwanza aombe kibali, na kwa kawaida huomba kwa halmashauri ya eneo lake.

Maombi yakipokelewa, halmashauri huyatangaza. Hubandika karatasi kwenye nguzo za taa karibu na eneo husika, au huwaandikia majirani barua, na maombi makubwa hutangazwa pia katika gazeti. Kwa kawaida wananchi hupewa siku zisizopungua 21 kutoa maoni.

Haki hiyo haina masharti ya uraia wala umiliki wa nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, mgeni aliyewasili karibuni na mwenye duka la pembeni wote wanaweza kuandika. Barua zao huwekwa hadharani, na kwa kawaida barua isiyo na jina haipewi uzito.

Maafisa wa mipango hupima hoja zote na kuandika mapendekezo. Maombi yenye utata hupelekwa mbele ya kamati ya madiwani, ambako wapingaji huruhusiwa kuzungumza kwa dakika chache kabla kura hazijapigwa.

Miradi mikubwa ya taka jijini London hupelekwa pia kwa Meya wa jiji, ambaye anaweza kuamuru kibali kikataliwe. Na hata baada ya kibali cha ujenzi kutolewa, kituo huhitaji idhini nyingine ya mamlaka ya mazingira, inayosimamia moshi, harufu na maji machafu.

Hoja zipi huhesabiwa?

Hapa ndipo wapingaji wengi hujikwaa. Sheria hupima uzito wa hoja, na haihesabu idadi ya saini. Waraka wenye saini elfu moja zinazosema tu kwamba "hatutaki" unaweza kushindwa na barua moja inayoeleza kwamba malori yatapita mbele ya lango la shule saa watoto wanapoingia.

Hoja zinazokubalika ni kama vile msongamano wa magari na usalama barabarani, kelele, harufu, vumbi, hatari ya mafuriko, madhara kwa wanyama na mimea, na mgongano wa mradi na mpango wa maendeleo wa eneo hilo.

Hoja zisizohesabiwa ni pamoja na hofu ya bei ya nyumba kushuka, chuki dhidi ya kampuni inayoomba, au mfanyabiashara kuogopa ushindani.

Pingamizi lenye hoja nzuri lisipoufuta mradi, linaweza kuubadilisha. Halmashauri inaweza kutoa kibali chenye masharti: saa za kufungua, njia za malori, urefu wa ukuta au kazi yote kufanyika ndani ya jengo lililofungwa.

Hata hivyo, mizani hiyo ina kasoro. Nchini England, mwombaji akikataliwa anaweza kukata rufaa kwa serikali kuu. Mpingaji hana rufaa ya aina hiyo. Kibali kikitolewa, njia pekee iliyobaki kwake ni kwenda mahakamani ndani ya wiki sita kudai kwamba sheria ilikiukwa, jambo linalohitaji fedha na wanasheria.

Uamuzi ukitoka juu

Mfano unaojulikana zaidi karibu na Woolwich ni tanuri la Belvedere, katika halmashauri jirani ya Bexley. Kampuni ya Cory ilianza kutafuta idhini ya kulijenga katika miaka ya 1990.

Wakaazi walipinga, halmashauri ya Bexley ikapinga, na Meya wa London wa wakati huo, Ken Livingstone, naye akapinga. Ulifanyika uchunguzi wa hadhara mwaka 2003, ukafunguliwa tena mwaka 2005.

Lakini kwa kuwa tanuri hilo lingezalisha umeme mwingi, mwenye kauli ya mwisho hakuwa diwani wala Meya. Alikuwa waziri anayehusika na nishati. Mwaka 2006 serikali iliidhinisha mradi, na tanuri likaanza kazi mwaka 2011.

Hata hivyo, jambo moja lilibaki katika masharti: sehemu kubwa ya taka iletwe kwa njia ya mto, ili barabara za makaazi zisijae malori. Matishali yanayopita Woolwich ni ushahidi wa sharti hilo.

Mwaka 2020 serikali iliidhinisha tanuri la pili mahali hapohapo, ingawa ofisi ya Meya ilikuwa imepinga tena.

Tabata: walipoamka na moshi

Wakaazi wa Tabata, Dar es Salaam, hawakupata siku 21 za kutoa maoni. Jaa la jiji lilikuwa tayari limewekwa karibu na nyumba zao, pamoja na moshi, harufu na nzi wake, walipokwenda Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 1988.

Walishinda. Jiji liliamriwa kuacha kumwaga taka Tabata na kutafuta mahali pengine. Lakini malori hayakukoma, na jiji lilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda.

Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuliongezea muda. Alisema kuwa kuendelea kuwavutisha wananchi hewa chafu ni kinyume cha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania. Uamuzi huo hutajwa hadi leo katika vitabu vya sheria ya mazingira barani Afrika.

Jiji liligeukia Kunduchi Mtongani. Huko nako mamia ya wakaazi walikwenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, na wakashinda kwa hoja ambayo afisa mipango wa Woolwich angeielewa mara moja: katika ramani kuu ya jiji, eneo lao lilitengwa kwa ajili ya makaazi.

Baada ya hapo taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, nje kidogo ya jiji. Kila hatua ilizisogeza taka kuelekea kwa watu wengine.

Dandora na ndege wa Ruai

Mjini Nairobi, jaa la Dandora limetumika tangu miaka ya 1970 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, uliotolewa mwaka 2007, uliwapima watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Ulipotolewa mpango wa kulihamishia jaa hilo Ruai, pingamizi zito lilitoka kwa wasimamizi wa safari za anga. Walihofia kwamba ndege wanaofuata taka wangehatarisha eropleni zinazotumia uwanja wa Jomo Kenyatta. Pingamizi lao lilikuwa na msingi, lakini matokeo yake ni kwamba watoto wa Dandora waliendelea kuvuta hewa ileile.

Tangu wakati huo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi, katika ibara ya 42.

Ushindi uliogeuka msiba

Tukio la Ethiopia linaonyesha gharama ya kukataa bila kuwepo njia mbadala. Mapema mwaka 2016 jiji la Addis Ababa lilifungua jaa jipya la kisasa huko Sendafa, katika jimbo la Oromia. Wakulima wa eneo hilo, waliolalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, walipinga, na baada ya miezi michache jaa likafungwa.

Taka zilirudishwa Koshe, jaa la zamani lililokuwa limezungukwa na vibanda vya maskini. Tarehe 11 Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe uliporomoka na kuua watu zaidi ya 110.

Uganda nayo ilipata msiba wa aina hiyo tarehe 10 Agosti 2024, jaa la Kiteezi, lililotumiwa na jiji la Kampala tangu mwaka 1996, lilipoporomoka na kufukia nyumba. Zaidi ya watu 30 walifariki dunia. Kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo ilikuwa ikisemwa kwamba jaa hilo limejaa na kwamba ni lazima lipatikane jingine.

Wakulima wa Sendafa hawakuwa na kosa kudai kusikilizwa. Kosa lilikuwa kwa waliochagua mahali kwanza na kuuliza baadaye. Jirani akiulizwa mapema, huweza kusema barabara ipi ina watoto, kisima kipi kiko karibu na upepo unavuma kutoka wapi. Akiulizwa kwa kuchelewa, hubakiwa na neno moja tu, nalo ni hapana.

Kwa hiyo, iwe Woolwich au Tabata, karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya taa si jambo la kupitwa bila kusomwa. Siku zilizoandikwa humo zikiisha, malori hayatamsubiri aliyechelewa.