Mahakama Sebuleni: Kesi ya Akina Mxenge wa Durban



Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tulizoea kuiona mahakama kwenye televisheni kama mahali pa kuchekea. Mtajie Mkenya yeyote wa rika langu Vioja Mahakamani, awe yuko Toronto, Muscat au hapa Durban, uso wake utakunjuka kabla hujamaliza jina. Mshtakiwa anaingia kizimbani na Kiswahili chake cha kwao, anaulizwa swali moja anajibu matatu, mwendesha mashtaka anapandwa na hasira, hakimu anajikaza asicheke. Kosa lenyewe pengine ni kuku wa jirani. Kipindi hakijawa kirefu, hukumu imetoka, na sisi tunaitwa tukanawe mikono tule.

Hapa Afrika Kusini nimekuta kumbukumbu nyingine. Wenyeji wa umri wangu ukiwauliza kuhusu mahakama kwenye televisheni, wengi hawakutajii tamthilia ya Marekani wala mchezo wa kuigiza wa kwao. Wanakutajia kipindi cha Jumapili jioni kilichoitwa Truth Commission Special Report, kilichoanza kurushwa na SABC Aprili 1996 na kumalizika Machi 1998, vipindi 87 kwa jumla. Kilikuwa na kila kitu ambacho tamthilia ya kisheria inatakiwa iwe nacho: majaji, mawakili, mashahidi, wauaji na wajane. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa anaigiza. Na kesi mojawapo kubwa iliyopita katika kipindi hicho ni ya hapa hapa Durban, ya mume na mke waliokuwa mawakili. Leo nataka niisimulie, kwa sababu naona inatuhusu na sisi.

Kwanza, neno moja kuhusu televisheni yenyewe. Huenda baadhi yenu hamjui kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, kabla ya Afrika Kusini. Visiwani ilianza mapema miaka ya 1970. Makaburu, pamoja na utajiri wao wote wa dhahabu, walingoja hadi Januari 5, 1976, kwa kuwa wakubwa wao waliiogopa. Walihofu italeta mawazo ya nje na kuwaonyesha watu mambo wasiyotakiwa kuyaona. Hata ilipokuja, waliigawa kama walivyogawa mabenchi na fukwe: mwaka 1982 wakaanzisha TV2 na TV3 kwa ajili ya watu weusi, kwa lugha zao, mbali na ya wazungu. Kwa hiyo ile ya 1996, nchi nzima kukaa mbele ya kipindi kimoja na kusikiliza mama wa kijijini akieleza jinsi mwanawe alivyouawa, lilikuwa jambo jipya kabisa katika nchi hii.

Sasa tuje Durban. Griffiths Mxenge alizaliwa mwaka 1935 upande wa King William's Town, Rasi ya Mashariki. Alisoma Fort Hare, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Natal, na kwa kosa la kuwa mwanachama wa ANC alifungwa kisiwa cha Robben. Alipotoka akawa wakili Durban, na kazi yake kubwa ikawa kuwatetea waliokamatwa kwa mambo ya siasa. Mkewe, Victoria, alikuwa muuguzi. Baadaye naye akasomea sheria, na mwaka 1981 akawa wakili.

Novemba 19 ya mwaka huo huo, Griffiths hakurudi nyumbani. Maiti yake ilikutwa karibu na uwanja wa michezo wa Umlazi, ikiwa na majeraha ya visu zaidi ya arobaini na koo limekatwa. Siku chache kabla, mbwa wake walikuwa wamelishwa nyama yenye sumu. Gari lake lilikutwa limechomwa moto karibu na mpaka wa Swaziland, ambayo sasa inaitwa Eswatini. Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo chake ukaishia pale ulipoishia mwingi wa wakati ule: ameuawa na mtu au watu wasiojulikana.

Victoria akaishika ofisi ya mumewe na kuendelea na kesi. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa mawakili wa upande wa utetezi katika kesi ya uhaini ya viongozi wa UDF, iliyofunguliwa Pietermaritzburg. Agosti 1, 1985, akirudi nyumbani kwake Umlazi, alivamiwa mbele ya nyumba yake na kuuawa. Watoto wao wakabaki bila baba wala mama.

Ingekuwa ni tamthilia, hapa ndipo angetokea mpelelezi hodari. Aliyetokea ni mfungwa. Jina lake Almond Nofemela, askari polisi aliyehukumiwa kifo kwa mauaji mengine, yasiyo ya siasa, ya mkulima wa kizungu. Alikuwa anyongwe Oktoba 20, 1989. Siku moja kabla, alipoona wakubwa wake aliokuwa akiwategemea hawaji kumwokoa, alitoa kiapo kwamba yeye alikuwa katika kikosi cha siri cha polisi, na kwamba alishiriki kumwua Griffiths Mxenge. Kitanzi kikaahirishwa.

Aliyekuwa mkuu wake, Kapteni Dirk Coetzee, akajua kwamba zamu yake imefika. Alikimbia nchi na kueleza yote kwa Vrye Weekblad, gazeti dogo la lugha ya Kiafrikana lililohaririwa na Max du Preez. Novemba 17, 1989 gazeti likachapisha: kuna shamba karibu na Pretoria linaitwa Vlakplaas, na humo wanakaa polisi ambao kazi yao ni kuua wapinzani wa serikali. Coetzee alisema yeye ndiye aliyewatuma Nofemela na wenzake Umlazi, na kwamba amri aliipata kwa mkubwa wa polisi wa usalama wa Durban.

Mngedhani kesi imekwisha. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Louis Harms, na mwaka 1990 jaji huyo hakumsadiki Coetzee. Jenerali Lothar Neethling, mkuu wa maabara ya polisi, akalishtaki gazeti kwa kumkashifu, kwa kuwa Coetzee alidai sumu ilitoka kwake. Gazeti lilishinda kwanza, kisha mwishoni mwa 1993 likashindwa katika rufaa, na mwanzoni mwa 1994, miezi michache kabla Mandela hajaapishwa, likafungwa. Yaani waliosema kweli ndio walioadhibiwa na mahakama. Na sasa angalieni jinsi dunia inavyozunguka: miaka miwili baadaye SABC ilipotafuta mtu wa kuongoza kile kipindi cha Jumapili, ilimchukua Max du Preez yule yule.

Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Desmond Tutu. Makubaliano yalikuwa hivi: aliyetenda uovu kwa sababu ya kisiasa, akija mwenyewe na kueleza yote bila kuficha, atasamehewa kisheria. Hatashtakiwa, na hata kudaiwa fidia mahakamani hatadaiwa. Sheria haikumtaka aseme pole. Haikumtaka atubu wala alie. Ilimtaka aseme ukweli wote, basi.

Ndugu yake Griffiths, Churchill Mxenge, alikataa. Pamoja na chama cha AZAPO, mjane wa Steve Biko na familia ya Ribeiro, alikwenda Mahakama ya Katiba kudai kwamba sheria hiyo inawanyang'anya wafiwa haki yao ya kupeleka shauri mahakamani. Hoja yao mtoto anaielewa: nyinyi wanasiasa mmekubaliana juu ya maiti zetu, lakini sisi hamkutuuliza. Hukumu ilitolewa Julai 25, 1996, ikiandikwa na Jaji Ismail Mahomed, mtu ambaye mwenyewe alinyanyaswa na ubaguzi wa rangi maisha yake yote. Alikiri kwamba sheria hiyo inagusa haki za msingi za familia. Hata hivyo, alisema, katiba ya mpito imeiruhusu, na bila ahadi ya msamaha wauaji hawatafungua midomo, wala hapatakuwa na ukweli wala amani ya kujenga nchi. Akina Mxenge wakashindwa.

Novemba 1996 Kamati ya Msamaha ikaketi Durban. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Hassen Mall, mwenyeji wa mji huu. Coetzee akakaa na kueleza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi, jinsi alivyopokea amri, alivyowachagua watu na jinsi walivyorudi. Wanaoishi Durban wakayasikia majina ya barabara wanazopita kila siku.

Wakati huo huo kesi ya kawaida ya jinai ilikuwa inaendelea. Mei 1997 Mahakama Kuu ya Durban ikawatia hatiani Coetzee, Nofemela na David Tshikalanga kwa mauaji ya Griffiths Mxenge. Kwa miezi isiyofika mitatu, familia ilikuwa na kitu ilichokililia tangu 1981. Kabla adhabu haijatamkwa, Agosti 4, 1997, Kamati ikawapa msamaha. Hatia hiyo ikafutika. Mwenzao wa usiku ule, Joe Mamasela, hata msamaha hakuomba. Alikuwa amekwisha kugeuka shahidi wa serikali.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, hasa sisi tunaosema Kiswahili. Lugha yetu ina neno moja, msamaha. Rais akiwafungulia wafungwa siku ya sikukuu ya taifa, tunasema ametoa msamaha. Mama akimwondolea kinyongo aliyemkosea mwanawe, tunasema amesamehe. Kwa hiyo Mswahili akisikia kwamba akina Coetzee walipata msamaha, rahisi kudhani kwamba watoto wa Mxenge waliwasamehe. Sivyo. Dola ilitoa kilicho chake, yaani iliacha kuwashtaki. Kile cha pili kilibaki mikononi mwa wenyewe, na hakuna jaji anayeweza kukitoa kwa niaba yao. Hata katiba ile ya mpito ilitaja ubuntu, ambao ni ndugu wa neno letu utu. Lakini utu wa mtu hauagizwi kwa sheria.

Je, Jaji Mahomed alikosea? Kwa muda mrefu nilidhani amekosea. Kisha najiuliza: bila Nofemela kuogopa kitanzi, na bila Coetzee kutarajia msamaha, tungeijua Vlakplaas? Uchunguzi wa wakati wake ulisema watu wasiojulikana, na pengine mpaka leo wangekuwa hawajulikani. Ukweli ulinunuliwa, na aliyelipa bei ni aliyekwisha kufiwa.

Lakini sehemu ya pili ya makubaliano nayo isisahauliwe. Walioomba msamaha walikuwa zaidi ya 7,000, na waliopewa ni 849 tu. Waliokataliwa na wale ambao hawakuja kabisa walipaswa kushtakiwa. Tume iliwakabidhi waendesha mashtaka wa serikali kesi zipatazo 300, na nyingi zikalala kwenye makabati. Mwaka 2025, karibu miaka thelathini baada ya kipindi cha kwanza kurushwa, Rais Cyril Ramaphosa ilibidi aunde tume chini ya Jaji Sisi Khampepe kuchunguza kama kuna mkono uliozizuia. Coetzee hatahojiwa tena. Alifariki mwaka 2013.

Na nyumbani? Wakenya wanakumbuka mwaka 2011, The Hague ilipoingia sebuleni na watu wakaacha kazi zao kutazama. Wanakumbuka pia tume yao ya ukweli, ile ya TJRC, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Mei 2013, ikiwa na majina na mashamba na makaburi, na jinsi ripoti ile ilivyokaa miaka bila kufanyiwa kazi. Watanzania waliishi na mahakama ya Rwanda pale Arusha kwa miaka ishirini. Ndugu zetu wa Kongo ya mashariki, ambao ni wengi hapa Durban, wangali wanangoja mahakama yoyote ile. Wengi wetu tuliko ughaibuni tuko huko kwa sababu mahali fulani kuna faili lililoandikwa "watu wasiojulikana".

Ndiyo maana siku hizi nikikaa na wanangu kutazama tamthilia za mahakamani, pale wakili anapopiga meza na kweli ikajitokeza kabla ya matangazo ya biashara, wao hushangilia, nami hunyamaza. Kisha nawasimulia habari ya wakili mmoja wa Umlazi na mkewe, na ya kipindi cha Jumapili ambacho hakikuwa na mwisho mzuri, ila kilikuwa na majina ya wauaji. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba muuaji hajulikani, jina nalo ni kitu. Si haki yote, wala familia ya Mxenge haijawahi kusema kwamba inatosha, na sisi wengine hatuna ruhusa ya kusema hivyo kwa niaba yao.