Kabla shabiki hajawa marehemu

Isaac Juma Onyango aliuawa usiku wa Januari 26, 2022, nyumbani kwake Mumias, na ghafla Kenya nzima ikamjua kwa jina. Kabla ya hapo, kwa wengi alikuwa yule jamaa wa rangi: mwuza magazeti aliyejipaka mwili mzima, akajitwika mpira kichwani na kuifuata AFC Leopards na timu ya taifa, Harambee Stars, kila uwanja alioweza kuufikia. Rambirambi zilimiminika, za wanasiasa zikiwamo, na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Kumuenzi mtu namna hiyo ni rahisi, maana marehemu hadai nauli. Lakini ikiwa kuna mahali panapopaswa kuwaenzi mashabiki kindakindaki wangali hai, ni miji midogo kama Garsen, kaunti ya Tana River, kuliko hata Nairobi.

Klabu kubwa ina kumbukumbu zake. Ingwe ilianza 1964 kwa jina la Abaluhya, ikawa AFC Leopards 1980 serikali ilipotaka klabu ziache majina ya kikabila. Yote hayo yameandikwa. Hata mchezaji alikuwa na mtangazaji wake: Leonard Mambo Mbotela aliposema "Kadenge na mpira", Joe Kadenge aliingia hadi nyumba za watu wasiowahi kukanyaga uwanjani. Timu ya Garsen, karibu na pale barabara ya Malindi inapoachana, moja ikielekea Garissa na nyingine Lamu, haina karani wala kabati. Nani alifunga, nani alinunua jezi, mechi gani ilivunjika: hayo yamo kichwani mwa mzee anayekaa kando ya kiwanja kila jioni. Na hata kama kungekuwa na karatasi, Mto Tana ulifurika 1961, ukafurika tena wakati wa El Niño ya 1997, na 2024 ukarudia.

Kisa cha Juma kinaonyesha pia jinsi shabiki asivyo na mwenyewe. Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alikuwa amelivunja Shirikisho la Soka na kuteua kamati ya muda. Februari 2022, majuma machache baada ya mauaji, FIFA ikaifungia Kenya. Katika vuta nikuvute hiyo ya wakubwa, nani angeulizwa habari za mwuza magazeti wa Mumias? Polisi waliyahusisha mauaji hayo na mzozo wa ardhi, wala si soka. Hapo ndipo Tana River inapoguswa moja kwa moja. Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliyotokana na malisho, maji na ardhi, na kufikia mapema 2013 waliokufa katika delta ya Mto Tana walikuwa wamepita 100. Jezi haizuii panga. Hata hivyo, kando ya kiwanja ni mahali adimu ambapo mtu hutambulishwa kwa timu yake kabla ya ukoo wake, na anayepashikilia mahali hapo miaka nenda miaka rudi anafanya kazi ambayo mikutano ya amani hulipiwa posho ifanyike.

Wapo watakaosema Garsen inahitaji maji safi kwanza. Kweli, ila kumpa mzee kiti cha kudumu na kiingilio cha bure hakumnyimi mtu ndoo ya maji. Pingamizi zito zaidi ni la uchaguzi: atachaguliwa nani, na wa kabila gani? Kamati ikiteuliwa na wanasiasa, ubishi hautakwisha. Afadhali wachezaji wa zamani wa pande zote wataje wenyewe ni nani aliyekuwapo walipofungwa mabao matano, mvua ikinyesha. Aliyekuja siku ya fainali tu hawatamtaja. Majina yaandikwe kwenye daftari, na daftari liwekwe juu ya alama ya maji ya 1997.