Tat: protini inayoamsha virusi vya Ukimwi

Jamani, mtu anameza ARV kila siku, kipimo kinasema virusi havionekani kwenye damu. Kwa nini akiacha dawa wiki chache tu vinarudi?

Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipogunduliwa kwetu Kagera, kirusi chenyewe ndiyo kwanza kilikuwa kimetambuliwa kule Paris. Mwaka 1985, kundi la William Haseltine la Boston na lile la Robert Gallo wakaripoti kitu kipya: kirusi kina protini ndogo, Tat, inayozidisha mno unakiliwaji wa vinasaba vyake.

Twende taratibu. VVU hujichomeka ndani ya DNA ya seli, halafu husubiri seli ivinakili kama inavyonakili vinasaba vyake yenyewe. Bila Tat, kazi ya kunakili inaanza vizuri tu, kisha inakwama baada ya herufi 60 hivi.

Mwaka 1998 Katherine Jones na wenzake, Taasisi ya Salk, California, wakaonyesha ujanja wenyewe. Tat inashika ncha iliyojikunja ya nakala changa ya RNA, kisha inamvuta mwenyeji: protini ya seli iitwayo saiklini T1, pamoja na kimeng'enya CDK9. Hicho ndicho kinachokwamua kazi. Yaani mwizi anatumia jembe la mwenye shamba! Panya nao wana saiklini T1, lakini asidi amino ya 261 ni tofauti na yetu, basi Tat inagonga mwamba.

Nakala zikiongezeka, Tat nayo inaongezeka, na moto unakolea. Seli ikipumzika, Tat inapungua, kirusi kinalala. Mwaka 1997 watafiti walikuta virusi vya namna hiyo kwa wagonjwa waliokuwa kwenye dawa. ARV tunazogawiwa haziwafikii hawa waliolala. Zinazuia hatua nyingine, si kunakili.

Kampuni ya Roche ilijaribu dawa ya kuzuia Tat kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaambulia patupu. Susana Valente wa Scripps, Florida, alikuja na nyingine mwaka 2012. Mwaka 2017 kundi lake liliijaribu kwa panya waliopandikizwa seli za binadamu (za panya zenyewe zisingefaa, si unakumbuka?). ARV zilipositishwa, virusi vilichelewa kurudi.