Kadi ya Mgao: Miaka Kumi na Mitatu ya Vikwazo Iraq

Sukari ikipanda bei kidogo tu mwezi wa Ramadhan, nyumba nzima inajua. Sasa hebu fikiria nchi iliyokuwa ikinunua nje karibu asilimia 70 ya chakula chake, halafu ghafla ikaambiwa: hakuna kuuza, hakuna kununua. Ndivyo ilivyoikuta Iraq tarehe 6 Agosti 1990, siku nne baada ya jeshi la Saddam Hussein kuivamia Kuwait. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 661, na vikwazo vile vikadumu mpaka Mei 2003.

Utasema, si dawa ziliruhusiwa, na chakula pia kwa sababu za kibinadamu? Ni kweli, kwenye karatasi. Lakini utanunua na nini, ikiwa mafuta yako hayauziki na pesa zako za benki za ng'ambo zimefungiwa?

Serikali ilianza mgao Septemba 1990. Kila familia ilipewa kadi na kuandikishwa kwa mwenye duka wa mtaani, naye kila mwezi akawapimia unga, mchele, sukari, chai, mafuta ya kupikia, sabuni na maziwa ya watoto, kwa bei ya karibu na bure. Tajiri na maskini walipata sawa. Hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikiri kwamba mpango ule uliendeshwa vizuri. Haukushibisha, na Septemba 1994 ukapunguzwa tena, lakini bila huo njaa ingeua watu wengi mno. Tena angalia upande wa pili: mtu ambaye unga wake unatoka mkononi mwa serikali atathubutu vipi kuipinga? Vikwazo vilivyokusudiwa kumdhoofisha mtawala vilimkabidhi ufunguo wa ghala.

Pesa nayo ina kisa chake. Kabla ya 1990, dinari moja kwa bei ya serikali ilizidi dola 3. Zamani noti zilichapwa Uingereza, sasa njia hiyo ikafungwa, na serikali ikaanza kujichapia zake kwa karatasi duni, bila kipimo. Mwisho wa 1995 dola moja ilifika karibu dinari 3,000. Mshahara wa mwalimu ukawa dola chache kwa mwezi. Walimu wakaendesha teksi, na wasomi wa Baghdad wakapeleka vitabu vyao kuuzwa barabara ya al-Mutanabbi, kimoja kimoja.

Lakini kule kaskazini, kwa Wakurdi, mambo yalikuwa kinyume. Serikali ya Baghdad ilikuwa imejiondoa huko tangu 1991, na ilipofuta noti za zamani za dinari 25 mwaka 1993, wao waliendelea kuzitumia. Watu waliziita dinari za Uswisi. Hazikuwa na benki kuu nyuma yake wala serikali ya kuzidhamini, zilichakaa mpaka zikapasuka, na bado zilishika thamani, kwa sababu hakuna aliyeweza kuchapa nyingine. Pesa mpya zilipotolewa kuanzia Oktoba 2003, dinari moja ya zamani ilibadilishwa kwa 150 mpya, ilhali ile ya Saddam ilikuwa moja kwa moja.

Mafundi nao hawakukaa bure. Mitambo ya umeme iliyopigwa mabomu 1991 ilifufuliwa kwa kung'oa spea za mtambo mmoja kutia mwingine. Umeme ulirudi, ila wa kubabaisha.

Nafuu ilikuja na mpango wa Mafuta kwa Chakula. Mafuta yakaanza kutoka Desemba 1996, na chakula kikaanza kufika Machi 1997. Mpaka mwisho wake mafuta ya takriban dola bilioni 64 yaliuzwa, ingawa sehemu kubwa ilikatwa kuwalipa fidia walioathirika na uvamizi wa Kuwait. Denis Halliday, aliyeusimamia mpango huo, alijiuzulu 1998 akilalamikia mateso ya raia. Hans von Sponeck aliyemrithi akafanya vivyo hivyo 2000. Na pale penye uhaba magendo hayakosi: uchunguzi uliotolewa 2005 ulikuta zaidi ya kampuni 2,000 zilihusika na malipo ya siri kwa serikali ya Saddam. Wakubwa hawakulala njaa.

Kuna jambo moja sharti tuambiane kweli. Miaka ile sote tulisikia, hata misikitini, kwamba watoto nusu milioni walikufa kwa vikwazo. Tafiti zilizofanywa Iraq baada ya 2003 hazikuona ongezeko kubwa kama hilo la vifo, na wataalamu walioandika 2017 walisema takwimu za 1999 zilipikwa na serikali yenyewe. Dhiki ilikuwepo, wala haihitaji kutiwa chumvi.

Na ile kadi? Vikwazo viliondoka, Saddam akaondoka, kadi ikabaki. Wairaki walipojiandaa kupiga kura Januari 2005, orodha ya wenye kadi za mgao ndiyo iliyotumika kutengeneza daftari la wapiga kura.